Je, Kishikwambi Kitashika Mahali pa Kompyuta?

Ndugu wasomaji, wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu wakubwa mliosoma hapa kabla yetu, naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limeigawa shule tangu muhula uliopita.

Chama cha wanafunzi wa zamani kimekusanya fedha za kununua vyombo vipya vya chumba chetu cha kompyuta. Kabla ya kuzitumia, wakubwa wetu wameomba kusikia maoni ya wanafunzi. Hili ni jambo la heshima, maana si kila mtoaji humwuliza mpokeaji anahitaji nini. Kwa fedha hizo shule inaweza kupata vishikwambi 40, au kompyuta kamili 16. Uamuzi utatolewa mwisho wa muhula huu, na chombo kitakachonunuliwa ndicho watakachotumia wadogo zetu kwa miaka mingi baada ya sisi kuondoka.

Chama cha mdahalo kilijadili jambo hili Jumamosi mbili. Hoja ilikuwa kwamba kishikwambi chaweza kushika mahali pa kompyuta shuleni. Waliounga mkono walishinda kwa kura nyingi sana. Mimi nilisema upande wa kupinga, nikashindwa. Lakini mdahalo humpa msemaji dakika 5 tu, na nusu ya dakika hizo huliwa na vicheko. Kwa kuwa mimi ni kiranja wa chumba cha kompyuta, nimekaa na mashine zile karibu kila siku kwa mwaka mzima. Basi nadhani si vibaya nikiandika yale ambayo sikupata nafasi ya kuyasema.

Yafaa kwanza tuwatendee haki walioshinda. Walitoa sababu nne, na zote nne zina ukweli.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Arobaini ni wengi kuliko kumi na sita, na mtoto wa Kidato cha Kwanza aliye mdogo na mpole hapati kugusa kitu mahali ambapo wakubwa wanne wamezunguka mashine moja. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, wala siwezi kuyakana.

Sababu ya pili ni umeme. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake huweza kula wati 100 au zaidi. Kishikwambi hutosheka na wati 10 hivi wakati wa kuchaji, kisha hufanya kazi saa nyingi bila waya wowote. Kila mtu wa shule hii anajua jinsi umeme unavyokatika katikati ya somo, na jinsi mwandishi anavyopoteza ukurasa mzima ambao hakuwahi kuuhifadhi.

Sababu ya tatu ni vitabu. Kishikwambi kimoja hubeba vitabu mamia, nacho hakiliwi na mchwa. Shirika la Worldreader, lililoanza kazi yake Ghana mwaka 2010, limepeleka vitabu kwa wasomaji wa nchi nyingi za Afrika kwa vyombo vya namna hii. Maktaba yetu ina kamusi moja tu iliyo na kurasa zake zote. Basi nani atapinga?

Sababu ya nne ilitugusa sote. Hapa Uganda shule zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya Korona, na madarasa yote hayakurudi mpaka Januari 2022. Muda huo ulitajwa kuwa mrefu kuliko wa nchi zote duniani. Wakati ule sisi tulikuwa watoto. Wenye simu nzuri au kishikwambi nyumbani waliweza kufuata masomo kidogo, na wengine wakaenda kuchunga mbuzi na kufyatua matofali, na baadhi yao hawakurudi tena darasani. Msemaji wa kwanza alisema kwamba kishikwambi hutiwa katika mfuko na kwenda nyumbani na mtoto, lakini kompyuta ya mezani hubaki shuleni chini ya kufuli. Ni kweli.

Kisha msemaji wa mwisho akamaliza kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na nadhani makofi yale ndiyo yaliyotushinda.

Methali hiyo ni njema, lakini yahusu majembe. Mkulima akipewa jembe lenye mpini mbaya, asinung'unike, na alime. Akipewa kijiko, hata vikiwa vijiko 40, hachagui jembe akisema kwamba alichopewa si jembe. Kijiko ni chombo kizuri, wala hakuna nyumba isiyokihitaji. Hata hivyo shamba halilimwi kwa kijiko. Kwa hiyo mimi sitaki kubishana kama kishikwambi ni kizuri au kibaya. Nataka tuulizane kazi ya shule ni ipi, kisha tutazame ni chombo gani kinachoiweza.

Hebu tuanze na jambo lililo wazi. Kishikwambi, hasa kile cha bei tunayoweza kulipa, ni simu kubwa. Hutumia mfumo ule ule wa Android ulio katika simu za baba zetu na shangazi zetu. Wakati wa likizo wengi wetu tumeshika simu kama hizo. Tunapiga picha, tunasoma habari, tunasikiliza muziki, tunatuma fedha kwa bibi kijijini. Nani alitufundisha? Hakuna. Mtoto wa miaka minne huweza kufungua picha anayoitaka kabla hajajua kuandika jina lake. Huo ni ustadi mkubwa wa waliotengeneza chombo hicho, nami nawasifu. Lakini shule haikujengwa ili kutufundisha tunayoweza kujifunza wenyewe kwa siku tatu chini ya mwembe. Shule hutoa kile ambacho nyumbani hakipo, na nyumbani kwetu kompyuta haipo. Wenzangu wengi wa darasani waligusa kibodi kwa mara ya kwanza katika maisha yao katika chumba chetu kile. Tukiiondoa hapa, mtoto wa mkulima ataikuta wapi? Ataikuta siku ya kwanza ya kazi, mbele ya bwana mkubwa anayemngoja, naye hatajua kidole kiende wapi. Mtoto wa tajiri yeye atakuwa ameizoea tangu utoto. Nawaomba walioshinda mdahalo wautazame upande huu pia, maana wao walisema sana juu ya usawa.

Tena kuna kazi yenyewe. Somo la kompyuta tunalotahiniwa kabla ya kumaliza shule lina mtihani wa vitendo. Mtahiniwa huandika hati ndefu na kuipanga vizuri, hutengeneza jedwali la hesabu lenye kanuni zake, na hujenga hifadhidata ndogo. Likizo iliyopita nilipata kishikwambi cha mjomba wangu, nikajaribu kuingiza humo alama za wanafunzi 54 katika masomo 5. Ni alama 270 tu. Herufi za kuandikia zilifunika nusu ya kioo, na kidole changu kilifunika nyumba tatu za jedwali kwa mara moja. Kila mara nilipotaka kutazama karatasi ya pili ilinibidi kuiacha ya kwanza. Kazi hiyo ilinichukua mchana wote. Niliporudi shuleni niliifanya tena kwa kompyuta, ikaisha kabla ya saa moja kupita, pamoja na wastani wa kila mwanafunzi na mpangilio kutoka wa kwanza hadi wa mwisho.

Huenda mtu akasema, hiyo ni mitihani tu, dunia inakwenda kwingine. Haya, tutazame dunia, nasi tuanze hapa jirani. Kenya walihesabu watu kwa vishikwambi mwaka 2019. Tanzania na Rwanda wakafanya hivyo mwaka 2022, na sisi Uganda mwaka 2024. Wengi wetu tulimwona karani akija mlangoni na kishikwambi mkononi, akiuliza na kugusa jibu. Kazi ile kishikwambi kiliiweza vizuri kuliko karatasi. Nani angebeba kompyuta ya mezani kutoka boma hadi boma? Lakini maswali yale hayakuandikwa mlangoni. Yalipangwa na watu waliokaa mbele ya kompyuta, nao wakatengeneza programu iliyoyabeba. Majibu yalipofika makao makuu, watu waliokaa mbele ya kompyuta ndio walioyachambua na kuyaweka katika majedwali, ili serikali ijue wapi pajengwe shule na wapi zahanati. Kazi ya karani wa mlangoni ni ya heshima, na mimi nikipewa nitaifanya. Ila shule ikitufundisha kugusa majibu peke yake, je, maswali ataandika nani?

Jirani zetu wa Kenya wana somo lingine la kutupa. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 waliahidiwa kwamba kila mtoto anayeanza shule ya msingi atapewa laptopu. Mpango ulikawia kwa mabishano ya zabuni, ukabadilishwa, na tangu mwaka 2016 vyombo zaidi ya milioni 1 vikapelekwa katika shule za msingi za serikali. Lakini tazameni vilivyogawanywa. Mtoto alipewa kishikwambi, na mwalimu akapewa laptopu. Siwalaumu, maana mtoto wa miaka 6 hufaa kuanza na kitu chepesi. Nataka tu mwone kwamba waliopanga mambo yale walijua tofauti. Anayesoma somo lililokwisha kutengenezwa alipewa chombo kimoja, na anayelitengeneza somo akapewa kingine. Sasa sisi wa sekondari, tulio karibu kuwa walimu, makarani, wauguzi na wahandisi, tujihesabu upande gani?

Hata nchi tajiri zimepita njia hii. Mwaka 2013 halmashauri ya shule ya Los Angeles, huko Marekani, ilianza mpango wa kumpa kila mwanafunzi iPad. Pamoja na kazi ya kuweka mitandao mashuleni, gharama ilikadiriwa kupita dola bilioni 1. Majuma machache tu baadaye wanafunzi walikuwa wamegundua jinsi ya kuviondoa vizuizi vilivyowekwa. Kisha ikaonekana kwamba kwa mitihani mipya wanafunzi watahitaji kibodi, na kibodi ni fedha nyingine. Kulikuwa na maneno mengi pia juu ya zabuni, na mwaka 2014 mkataba ukasimamishwa. Shule kadhaa za sekondari zikaruhusiwa kujaribu laptopu badala yake. Katika jimbo la Maine, ambalo lilianza kuwapa wanafunzi laptopu mwaka 2002, shule nyingi zilihamia iPad baadaye. Mwaka 2016 walimu na wanafunzi walipoulizwa, wengi wakasema kwamba kwa kazi za shule laptopu huwafaa zaidi, na shule zikapewa nafasi ya kubadilisha. Wale wana fedha za kujaribu mara mbili. Sisi tuna nafasi moja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko yote, nalo ni hili: nani ni bwana wa chombo?

Mwaka 1972 mtaalamu mmoja wa Marekani, Alan Kay, aliandika juu ya kompyuta ndogo ya watoto, ya ukubwa wa kitabu, ambayo mtoto angeweza kuibeba popote. Aliiita Dynabook. Wengi humhesabu kuwa mmoja wa waliotangulia kuwaza juu ya vishikwambi. Lakini mchoro wake ulikuwa na kibodi, na nia yake ilikuwa mtoto aandike programu zake mwenyewe na kuibadili mashine iwe apendavyo. Miaka mingi baadaye chombo chepesi kama kitabu kilikuja, lakini ile sehemu ya mtoto kutengeneza haikuja nacho kwa ukamilifu. Katika vishikwambi vingi mwenye chombo hutumia yale aliyoruhusiwa na kiwanda. Programu huchukuliwa dukani kwa mwenye mfumo, na mambo ya ndani yamefichwa ili asiyaharibu. Kwa mtu mzima anayetaka kusoma barua zake tu, kufichwa huko ni faraja. Kwa mwanafunzi ni hasara, maana yeye amekuja hasa kuyaona yaliyofichwa.

Kompyuta ya mezani ilikuja kwa njia nyingine. Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo Agosti 1981, iliijenga kwa vipande vilivyonunuliwa kwa makampuni mengine, tena ikachapisha maelezo ya ufundi wake. Kwa sababu hiyo wengine waliweza kutengeneza mashine zinazofanana nayo, bei ikashuka, na desturi ikawa kwamba kipande cha mashine hii huweza kuingia katika mashine ile. Desturi hiyo ingali hai hata leo, nayo ndiyo inayokiweka chumba chetu hai.

Wasomaji wasiojua habari za chumba chetu yafaa niwaeleze. Tulipewa mashine 22 miaka 9 iliyopita. Leo 13 zinawaka. Zile 9 zilizokufa hazikutupwa. Ndizo duka letu la vipuri. Mwezi wa Februari mashine 3 zilikataa kuwaka kwa siku moja. Mwalimu wetu akatuita sisi viranja, tukazifungua kwa bisibisi. Ndani tulikuta vumbi jekundu kama la barabarani. Tulichomoa vibao vya kumbukumbu, tukasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, tukavirudisha, na mashine 2 zikaamka. Ya tatu ilikuwa imeungua kisanduku cha umeme. Tukakitoa kile cha mashine iliyokufa zamani, tukakitia humo, nayo ikaamka. Hatukutumia hata shilingi moja. Asubuhi ile nilijifunza juu ya kompyuta mambo mengi kuliko niliyoyasoma katika kitabu kwa muhula mzima.

Je, kishikwambi kikikataa kuwaka tutafanya nini? Betri yake imegandishwa kwa gundi, na kumbukumbu yake imechomelewa. Kioo kikipasuka, fundi wa mjini hudai fedha zinazokaribia bei ya chombo kipya. Hata kikitunzwa vizuri, betri huchoka baada ya miaka michache, na kiwanda nacho huacha kuleta masahihisho ya mfumo. Waliosema kwamba 40 ni zaidi ya 16 walihesabu siku ya kwanza tu. Na wahesabu pia mwaka wa tano, kisha watuambie ni vingapi vitakuwa vikiwaka na ni vingapi vitakuwa kabatini.

Najua mtanijibu kwamba kishikwambi chaweza kuongezewa kibodi na kipanya. Naam, chaweza. iPad yenyewe imekubali kipanya kikamilifu tangu mwaka 2020, na mwaka 2021 ilipata programu ambayo kwayo mtu huweza kutengeneza programu nyingine juu yake na kuipeleka dukani. Kadhalika Microsoft walitoa Surface Pro mwaka 2013, nayo ina umbo la kishikwambi lakini huendesha programu zote za kompyuta ya Windows. Mambo haya hayapingani na maneno yangu. Yanaonyesha kwamba kishikwambi kikitaka kufanya kazi ya kompyuta, hapana budi kigeuke kompyuta, na bei yake igeuke pia. Kishikwambi, na kibodi, na kipanya, na kigingi cha kukisimamisha: ukijumlisha vyote umenunua laptopu kwa mafungu, tena umelipa zaidi. Vile vya bei nafuu tulivyooneshwa katika orodha si vya namna hiyo.

Wengine walisema kwamba kompyuta ni chombo cha wazee, na kwamba siku zake zimekwisha. Maneno haya yalisemwa sana zamani kidogo. Mwaka 2014 vishikwambi karibu milioni 230 viliuzwa duniani, na wengi wakadhani kompyuta inazikwa. Baada ya hapo mauzo ya vishikwambi yakashuka. Korona ilipowalazimisha watu kufanya kazi nyumbani, walikimbilia nini? Mwaka 2021 kompyuta karibu milioni 340 ziliuzwa. Maiti hainunuliwi namna hiyo.

Steve Jobs, aliyetoa iPad mwaka 2010, alifananisha kompyuta na malori katika mwaka huo huo. Alisema kwamba malori hayataisha, lakini watu wengi watatosheka na magari madogo. Mfano huo ni mzuri, nami naukubali. Ila simameni kando ya barabara ya kutoka Malaba kuja Kampala, mtazame ni nini kinacholeta saruji, mafuta, chumvi na vitabu vya shule. Ni malori. Nchi iliyokwisha kujengwa yaweza kuwaambia vijana wake wapande magari madogo wakatembee. Nchi inayojengwa yahitaji wanaojua kuendesha lori, na wanaojua kulala chini yake na spana mkononi linapokwama.

Hata hivyo yule mtoto mdogo wa Kidato cha Kwanza sijamsahau, wala maktaba yetu, wala umeme. Kwa hiyo sitaki kuleta maneno matupu. Naleta shauri, na kila mtu alipime.

Kwa bei tulizoonyeshwa, kompyuta 2 ni sawa na vishikwambi 5. Basi na tununue kompyuta 14 na vishikwambi 5. Vishikwambi vikae maktaba chini ya mtunza vitabu, vijazwe kamusi na vitabu vya masomo yote, na vitoke nje pale wanafunzi wa biolojia wanapokwenda bondeni kupiga picha za mimea na kuandika habari zake. Tena kuna mwenzetu ambaye macho yake ni dhaifu. Juu ya kishikwambi herufi hukuzwa kwa vidole viwili, naye asome bila kumwomba mtu. Kwa kazi hizi hakuna chombo kinachokishinda.

Kompyuta 14 mpya, pamoja na 13 zinazowaka sasa, ni 27. Darasa letu kubwa lina wanafunzi 54. Hao ni wawili kwa mashine moja, na wawili waweza kupokezana bila kugombana. Kidato cha Kwanza kipewe siku yake peke yake, alasiri ya Jumatano, wakati wakubwa wako kiwanjani, na mimi niko tayari kukosa mpira ili niwafungulie mlango. Juu ya umeme, tukipata laptopu badala ya za mezani kwa bei inayokaribiana, tuzichukue, maana hula umeme kidogo na betri yake huokoa ukurasa wa mwandishi. Ila tuchague zile zinazofunguka kwa bisibisi, zenye betri inayotoka na kumbukumbu inayobadilishwa. Muuzaji aulizwe jambo hilo kabla hajalipwa.

Nasema tena neno moja kwa kaka zetu wakubwa. Ninyi mko kazini: katika mabenki, mahospitali, mashule na ofisi za serikali, hapa kwetu na ng'ambo ya mipaka. Mnajua kilichoko mezani penu. Tafadhali mtuandikie katika gazeti hili kabla ya mwisho wa muhula, mseme kwa kweli ni kazi ipi mnaifanya kwa kishikwambi na ni ipi mnaifanya kwa kompyuta. Kama mkisema kwamba mmeiacha kompyuta kabisa, basi hoja yangu imeanguka, nami nitaungana na walio wengi. Ushahidi wenu una uzito kuliko kura zetu, maana sisi tulipigia kura chombo ambacho wengi wetu tunakijua kwa kukichezea tu.

Fedha ni zenu, na kwa lolote mtakalonunua tutashukuru na kulitunza. Mimi mwaka ujao sitakuwapo hapa. Nitakayemwachia funguo za chumba kile ni kijana wa Kidato cha Tatu ambaye sasa hivi anajifunza kutumia bisibisi, na ningependa akute kitu cha kufungua.

Maoni yangu ni hayo. Mwenye maoni mengine na aandike, nasi tutayasoma kwa moyo mmoja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita